Kulala garini Nakuru–Kisumu–Kakamega: godoro ndani ya Noah, hema la paa au kukodi gari lenye kitanda?

Mwana Lanet
Wadau, hamjambo. Desemba tukijaliwa tunatoka Nakuru kwenda Kisumu, halafu Kakamega, turudi kwa njia ya Eldoret. Siku saba hivi. Lojing'i kila usiku hapana, tutalala garini. Kuna njia tatu: nikunje viti vya Noah nitandike godoro, ninunue hema la kufunga juu ya paa (kuna jamaa ananiuzia lake kuukuu), ama nikodi gari lililowekewa kitanda na jiko kabisa. Ni ipi itanipa usingizi wa maana? Mgongo wangu ni mbovu na dereva ni mimi peke yangu. Jamaa wa hema anataka jibu kufikia Ijumaa.

Nyar Dunga
"Tunatoka" ni watu wangapi?

Mwana Lanet
Mimi, mama watoto na watoto.

Nyar Dunga
Omera, watoto wangapi? Wa umri gani? Wewe mwenyewe una urefu gani? Na hilo hema anauza pesa ngapi? Umeuliza kama mtu anayeuliza bei ya kiatu bila kutaja saizi.

Dereva Mstaafu
Chukua Noah, usisumbuke. Nimelala ndani ya yangu miaka mingi nikipeleka mizigo. Siri ni moja: usitandike godoro juu ya viti vilivyolazwa. Vina mabonde, na hayo mabonde ndiyo yataua huo mgongo. Ng'oa viti vya kati, vya nyuma vikunje pembeni, weka plaiwudi, kisha godoro gumu la inchi 4. La inchi 8 litakupandisha hadi pua iguse dari. Halafu egesha mahali tambarare. Kama pana mteremko, kichwa kiwe upande wa juu, la sivyo utaamka kichwa kinagonga kama ngoma.

Mama Pendo
Hema la paa ndilo tamu, mimi sidanganyi. Hewa inapita, unaangalia nyota, gari linabaki la mizigo. Ila kaka, soma kitabu cha maelekezo ya gari kwanza. Hema la aina hiyo lina kilo 50 hadi 70, na paa za magari mengi haziruhusu zaidi ya kama kilo 75 ukiwa barabarani. Na kama una mtoto wa miaka minne, fikiria ile ngazi saa nane za usiku akitaka kukojoa.

Fundi wa Free Area
Ngoja niwaambie yaliyonipata, maana sisi wa Nakuru tunadhani baridi ndiyo adui pekee.

Tulienda Kisumu watu watatu na boksi (van) ya kukodi. Tumezoea huku kwetu, mita 1,850 juu, ukifunga vioo unalala na blanketi kama mfalme. Kule ziwani ni kama mita 1,130. Tukaegesha karibu na maji, tukafunga kila kitu, saa tano usiku ndani kumekuwa tanuri. Pumzi zetu zimegeuka maji, dari linadondosha matone. Mwenzangu akasema tufungue mlango wa pembeni. Tukafungua. Taa ya ndani ilikuwa inawaka kwa sababu tulikuwa tunacheza karata.

Wueh! Kwanza wakaja visubi vya ziwa, wingu zima, wakajaa kwenye taa, kwenye chai, puani. Tukazima taa na kuacha mlango wazi, mbu nao wakaona wamekaribishwa rasmi. Neti hatukuwa nayo hata moja. Nililala nimejifunika shuka hadi kichwani, natoka jasho kama niliyetupwa mtoni. Alfajiri nawasha gari, kimya. Redio na taa zilikuwa zimekula betri yote jioni. Tukasukumwa na vijana wa boda, wakatudai pesa, na walikuwa na haki.

Hayo yote ningesahau. Siku ya 12 niko kazini, mwili ukaanza kutetemeka. Nikapimwa damu: malaria. Kwa hivyo ndugu, kabla ya godoro nunua neti iliyotiwa dawa, na kitambaa cha neti chenye sumaku cha kuziba dirisha. Fungua vioo viwili vinavyotazamana, vidole viwili tu, hewa ipite.

Nyar Dunga
Pole, ila ungeniuliza. Nani anaegesha kwenye nyasi za ufuoni usiku? Kiboko hutoka majini usiku kula hizo nyasi. Mbu walikuonea huruma.

Wafula wa Webuye
Mimi naogopa zaidi usiku wa kurudi. Timboroa, kati ya Eldoret na Nakuru, ni zaidi ya mita 2,700, mulamwa. Kule mtu atashawishika aingize jiko la makaa garini "kidogo tu". Usithubutu, hata vioo vikiwa wazi. Ile kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, unasinzia tu ukidhani umechoka. Vaa soksi, kofia, blanketi mbili, na moja ilazwe CHINI yako, maana baridi hupandia sakafuni.

Dereva Mstaafu
Si lazima alale Timboroa. Atoke Kakamega mapema, alale kwake Lanet, hapo Nakuru.

Wafula wa Webuye
Na atatoka kwa njia gani? Webuye ama Chavakali?

Dereva Mstaafu
Chavakali, Kapsabet, Eldoret. Hakuna malori mengi.

Wafula wa Webuye
Na kona? Watoto watatapika hadi Kapsabet. Njia ya Webuye imenyooka.

Mama Pendo
Huyu hajasema hata kama watoto ni wawili ama sita na nyinyi mshaanza kuwatapisha.

Mwana Lanet
Samahani, kazi ilinibana. Watoto ni watatu, 11, 8 na 3. Mimi nina futi sita na inchi moja.

Nyar Dunga
Watu watano ndani ya Noah moja!

Dereva Mstaafu
Inawezekana. Wawili wakubwa walale kwenye hema la kawaida pembeni ya gari, palipo na askari. Wewe utalala kimshazari.

Mama Pendo
Akilala kimshazari, mama watoto atalala wapi? Kwenye usukani?

Fundi wa Free Area
Bado hujasema kuhusu gari la kukodi. Kitanda chake ni cha watu wangapi? Kina betri ya pili?

Mwana Lanet
Sijauliza. Picha ilikuwa nzuri. Jamaa wa hema amenipigia tena leo asubuhi. Na mama watoto amesoma hapa yote, ameuliza swali moja tu: choo kitakuwa wapi?

Wafula wa Webuye
Njia ya Webuye ina petroli stesheni nyingi, mulamwa. Mimi nilisema.