"Utajifunza tu, mdogo wangu": huyu mtu wa kuongeza sifuri leo amenifika shingoni

Wakuu, naandika mkono bado unatetemeka. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa seva kuning'inia. Sijaja kuuliza swali, nimekuja kutoa nyongo.

Mnamjua. Simtaji na hakuna haja, kila timu imewahi kupitiwa naye. Tovuti ikiwa nzito, anaongeza sifuri kwenye namba za mipangilio. Foleni ikijaa, sifuri. Choo kikiziba nyumbani kwake, nina hakika anaongeza milango.

Sasa sikieni. Tuna Tomcat, seva ya programu za Java, iliyokuwa imetulia na maxThreads (idadi ya juu ya thredi, yaani wahudumu wa maombi) ya 200, ile inayokuja nayo. Jana mfumo wa nje tunaouita ukaanza kujibu kwa sekunde 4, na aliyeandika sehemu hiyo hakuweka kikomo cha kusubiri. Maombi 50 kila sekunde, kila moja linashika thredi kwa sekunde 4. Hizo ni thredi 200, zote zimekodoa macho zikingoja jibu la jirani. Prosesa iko asilimia 6. Imelala fofofo! Nikasema mbele ya wote: tuweke kikomo cha sekunde 1, ombi linalochelewa likatwe, seva ipumue.

Akanyamaza. Nilipotoka tu, akaingia peke yake, 200 ikawa 2000. Yale yote yaliyorundikana foleni yakamiminika kwa pamoja kwenye HikariCP, bwawa la miunganisho ya hifadhidata, yenye miunganisho 10. Akaiona nayo ndogo, akaweka 500. Wakuu, hifadhidata yetu ya PostgreSQL, max_connections (miunganisho inayokubali kwa pamoja) ni 100! Mia moja! Logi ikajaa "sorry, too many clients already" (wateja wamezidi) kurasa kwa kurasa. Akaipandisha na hiyo, 2000, akaiwasha upya watu wakiwa ndani, kumbukumbu ikaisha, Linux ikaanza kuua michakato kama mtu anayeua mbu.

Na hayo yote ningemeza. Seva huanguka, tunainua. Lakini leo asubuhi kwenye kikao cha ripoti ameandika kwamba chanzo ni "mipangilio ya awali kuwa midogo". Mipangilio ya awali ni yangu. Halafu akazunguka nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, akasema: "Utajifunza tu, mdogo wangu."

Mdogo wangu! Mimi nilikuwa nahesabu foleni za seva ya Apache yeye hajui hata kuwasha kompyuta! Mbele ya timu nzima! Na mkono begani, jamani, akapapasa mara mbili kama anabembeleza mtoto alale!

FoleniNdefu: Pole sana mleta mada. Huyo tuliwahi kuwa naye kwetu, au pacha wake. Alikuta mipangilio ya Nginx, seva ya wavuti, ina worker_connections (miunganisho kwa kila mchakato) 512, akaweka 100000 na kutangaza ushindi, huku kikomo cha mafaili yaliyofunguliwa kwa pamoja ni 1024, na kila muunganisho huhesabiwa kama faili. Logi ikaanza kulia "too many open files", akasema logi ndiyo mbovu.

MkaliWaLogi: Mleta mada umeandika aya sita, bega limetokea mara mbili na kikomo cha kusubiri mara mbili. Sasa kilichokuuma ni kipi?

Mleta mada: Bega! Kilichoniuma ni bega! Na hilo neno "mdogo wangu"! Hizo thredi 2000 nilishazirudisha saa nane usiku, ila mkono wake bado nausikia hapa begani.

DadaMiunganisho: Kaka pole, ila na wewe una lako. Mfumo wa nje bila kikomo cha kusubiri umekaa hapo muda wote na ukauona jana tu? Ungeweka sekunde 1 tangu mwanzo huyo bwana asingepata pa kuingilia.

Mleta mada: Dada, sikuandika mimi ile sehemu!

DadaMiunganisho: Uliipitisha lakini?

MzeeWaHifadhidata: Nyie watu wa seva mtatumaliza. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili, unakula kumbukumbu yake. Mashine yenye viini 8 vya prosesa na diski moja, kanuni ya viini mara mbili ujumlishe diski inakupa miunganisho 17. Kumi na saba! Mtu anakuja na 500 kana kwamba prosesa itaota viini vingine usiku. Na mleta mada, hata 10 zako kwenye seva kumi tayari ni 100, ulikuwa umebakiza nafasi ya nani?

Mleta mada: Seva zetu ni mbili mzee wangu. Ni 20. Turudi kwenye bega.

FoleniNdefu: Mzee, afadhali wewe una hifadhidata moja ya kulilia. Sisi Nginx iko mbele, kila mteja anahesabiwa mara mbili, upande wake na upande wa seva ya nyuma, kwa hiyo 512 kwetu ni kama wateja 256. Mkubwa wetu anabisha mpaka leo.

BibiKeepAlive: Mkubwa wenu anabisha tu? Wa kwetu ameweka KeepAliveTimeout (muda wa kumshikia mteja muunganisho akiwa kimya) sekunde 300 kwenye Apache ya prefork, ile ya mchakato mmoja kwa kila muunganisho, ambako inakuja na 5. Mtu anafungua ukurasa, anaondoka zake, na mchakato mzima umekaa unamlinda dakika tano. Nafasi 256 zote zimekaliwa na watu waliokwisha kwenda kulala. Halafu nikiuliza naambiwa nina haraka. Nyamazeni na mabega yenu.

MkaliWaLogi: Bibi umeshinda leo.

Mleta mada: Bibi pole, lakini je, alikugusa? Alikuita mdogo wake mbele ya watu?

BibiKeepAlive: Aliniita "mama".

KijanaWaThrediPepe: Mnahangaika bure na namba za zamani. Java 21 ina thredi pepe, nyepesi zisizoshika thredi halisi ya mfumo zikisubiri, tangu 2023, washa hizo, maxThreads utaisahau.

MzeeWaHifadhidata: Na zikija elfu hamsini kwangu kwa mpigo zitapita wapi? Mlango wangu ni uleule mdogo wangu.

Mleta mada: Mzee, naomba hilo neno usilitumie kwenye uzi huu.

KijanaWaThrediPepe: Weka PgBouncer, mgawaji wa miunganisho ya PostgreSQL, mbele.

MzeeWaHifadhidata: Ambayo nayo max_client_conn (kikomo cha wateja wake) inakuja 100. Umewahi kufungua faili lake wewe?

FoleniNdefu: Wakuu, samahani nachomekea. Ile 1024 ya mafaili nimeipandisha kwenye limits.conf, faili la vikomo la Linux, nikiiwasha Nginx upya bado naikuta ileile 1024. Ni nini?

DadaMiunganisho: Unaiwasha kwa systemd, msimamizi wa huduma za Linux? Huduma zake hazisomi faili hilo. Weka LimitNOFILE (kikomo cha mafaili) kwenye faili la huduma yenyewe, halafu daemon-reload ili systemd isome upya, ndipo uwashe upya.

Mleta mada: Kesho tuna kikao tena saa tatu, na kiti chake kiko nyuma yangu.

FoleniNdefu: Dada imekubali! Sasa inaonyesha 65535. Ubarikiwe. Hii unaweka hivyohivyo na kwa Apache?

BibiKeepAlive: Hivyohivyo. Ila ukifika huko kwanza angalia ile KeepAliveTimeout, usije ukakuta 300.