Mdogo wangu anatengeneza gemu, mzee anasema si sanaa. Naomba ushauri

Habari wakuu. Mdogo wangu hapa Kirumba, Mwanza, anatengeneza gemu la kompyuta: mvuvi wa dagaa usiku wa giza, karabai inawaka, upepo wa ziwa unabadilika. Kachora kila wimbi mwenyewe. Anataka kusomea sanaa, ila mzee anasema huo ni mchezo wa watoto, ada hatoi.

Kwangu ni sanaa kabisa, tena ngumu: picha, muziki na hadithi vinakutana, na mchezaji ndiye anaamua mvuvi arudi nchi kavu au aendelee. Hata makumbusho ya sanaa ya MoMA, New York, mwaka 2012 yalichukua magemu 14, Pac-Man na Tetris yakiwemo.

Mzee nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima? Na kuna aliyesomea haya akapata kazi hapa nchini?