Natunza mzee karibu na Bergamo na Kiitaliano bado kinanishinda: nianzie wapi?

Swali: Binti wa Tanga, Bergamo

Habari zenu, kaka na dada mnaoishi Italia. Ninafanya kazi ya kumtunza bibi mmoja wa umri mkubwa katika mji mdogo karibu na Bergamo, na ninaishi humo humo nyumbani kwake. Kiitaliano nilichojifunza kwa simu kinanitosha dukani na kwenye basi, lakini nikifika kwa daktari wake, kwenye duka la dawa au posta, watu huzungumza kwa kasi, maneno hunipotea, na hatimaye binti wa bibi hulazimika kupigiwa simu ili anisemee.

Linalonitia hofu zaidi ni dawa, kwa sababu maelekezo ya kiasi na nyakati hutolewa kwa mdomo nami sitaki kubahatisha na afya ya mtu. Tena bibi mwenyewe, hasa akichoka, huacha Kiitaliano na kuzungumza lahaja ya Bergamo, ambayo haifanani na chochote nilichosoma. Mapumziko yangu ni Alhamisi mchana na Jumapili. Baadaye ningependa kuomba kibali cha kuishi cha muda mrefu, na nasikia kina mtihani wa lugha. Kwa hali hii nianzie wapi?

Jibu la 1: Mkazi wa Torino

Mdogo wangu, nianze na lahaja, kwa kuwa huwavunja moyo wengi bure. Lahaja ya Bergamo ina historia yake yenyewe, na hata Mwitaliano wa Roma au Palermo akiisikia huachwa nyuma. Mtaalamu wa lugha Tullio De Mauro alikadiria kwamba Italia ilipounganishwa mwaka 1861, waliojua Kiitaliano walikuwa takriban asilimia 2.5 tu ya wananchi. Waliobaki waliishi ndani ya lahaja zao, na ni shule, jeshi, redio na televisheni zilizokuja kuieneza lugha ya taifa. Kwa hiyo usijipime kwa lahaja. Mwombe binti wa bibi akufundishe maneno ya njaa, maumivu, baridi na choo, kisha nguvu zako zote uzielekeze kwenye Kiitaliano.

Kuhusu shule, tafuta CPIA ya eneo lako, yaani kituo cha serikali cha elimu ya watu wazima, ambako wageni husoma Kiitaliano bila malipo au kwa mchango mdogo. Kibali cha muda mrefu huombwa baada ya kuishi kihalali kwa miaka 5 na hudai kiwango cha A2, yaani Kiitaliano cha msingi cha maisha ya kila siku. Ukipata cheti cha A2 cha CPIA, huhitaji kufanya mtihani ule unaoombwa kupitia prefettura, ofisi ya serikali kuu mkoani. Uraia hudai zaidi, kwani tangu mwishoni mwa mwaka 2018 kiwango chake ni B1, hatua moja juu ya A2. Usiridhike na kuhudhuria darasa tu. Hakikisha umetoka na cheti.

Jambo ambalo wenzetu wengi hawaambiwi ni hili: mkataba wa taifa wa kazi za nyumbani humpa mfanyakazi wa muda wote, mwenye ajira isiyo na kikomo na aliyetimiza miezi 6 kwa mwajiri wake, saa 40 kwa mwaka zenye malipo kwa ajili ya mafunzo ya kazi, na saa hizo zinaweza kutumika pia kwa masomo yanayohitajika ili kuhuisha kibali. Peleka mkataba wako kwenye ofisi ya patronato, yaani ofisi inayowasaidia wafanyakazi na masuala ya haki na karatasi zao, wausome pamoja nawe kabla hujazungumza na familia.

Jibu la 2: Mwanafunzi, Perugia

Dada, ninaongeza kuhusu lugha yenyewe. Sisi tuna mtaji ambao wageni wengi hawana: maneno ya Kiitaliano huishia kwa irabu kama yetu, mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na sifa hufuata nomino kwa upatanisho, jambo ambalo mtu aliyekulia ndani ya ngeli halimshangazi. Panapotukwaza ni konsonanti zinazokazwa. «Sete» ni kiu na «sette» ni saba. Kwa anayetunza mgonjwa, tofauti hiyo ni kubwa. Soma kwa sauti kila siku, ukiishikilia konsonanti hiyo kwa muda kidogo kabla ya kuiachia.

Kwa daktari, mfamasia na karani tumia «Lei», yaani «wewe» ya heshima, si «tu», «wewe» ya watu waliozoeana: sema «scusi», samahani, kisha «può ripetere più lentamente, per favore?», yaani unaweza kurudia polepole zaidi, tafadhali? Nimeona watu waliokuwa na haraka wakibadilika kabisa wanapoombwa kwa adabu.

Jibu la 3: Muuguzi, Milano

Naomba nilizungumzie suala la dawa peke yake. Usiitikie kwa kichwa kama hujaelewa, hata kama foleni nyuma yako ni ndefu kiasi gani. Sema «me lo può scrivere?», yaani unaweza kuniandikia?, na umwombe mfamasia aandike kiasi na saa juu ya kisanduku cha dawa. Halafu yarudie maelekezo hayo mbele yake kwa maneno yako mpaka akubali. Jua vizuri «prima dei pasti» na «dopo i pasti», kabla na baada ya chakula, «a stomaco vuoto», tumbo likiwa tupu, «compressa», kidonge, na «gocce», matone. Kuwa makini na tarakimu: «otto gocce» ni matone 8, lakini «ogni otto ore» ni kila baada ya saa 8.

Karibu na simu ya nyumbani bandika karatasi yenye anwani kamili, umri wa bibi, magonjwa yake na dawa anazotumia, ili siku ya dharura ukipiga 112, namba ya dharura, usome tu. Huko Lombardia, jimbo lenye Bergamo, kituo cha 112 kinaweza kuwaunganisha na mkalimani wa lugha kadhaa. Hospitalini, uliza kama kuna «mediatore culturale», yaani mtu anayewasaidia wageni kuelewana na wahudumu.

Binti wa Tanga, Bergamo

Nawashukuru kwa moyo wote. Kesho nitamwomba binti wa bibi tuandike karatasi hiyo pamoja. Je, nikikosa nafasi katika darasa la Alhamisi mchana huko CPIA, nifanyeje?

Mkazi wa Torino

Fika hata hivyo ufanyiwe jaribio la kupangiwa kiwango, kwa sababu uandikishaji mkubwa ni Septemba lakini vituo vingi hupokea watu katikati ya mwaka. Nafasi ikikosekana, ulizia Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, au parokia, ambako walimu wa kujitolea mara nyingi hufundisha saa ambazo watunzaji wa wazee wako huru. Cheti utakifuata CPIA baadaye.