Ushauri: Tunamng'oaje diwani kabla ya miaka mitano?

Mnyonge wa Bondeni: Wakuu, heshima yenu. Diwani wetu tangu apate kura haonekani. Mtaro umejaa viroba vya taka, mvua ikipiga maji yanaingia ndani, mwanangu namlaza juu ya meza. Nasikia Kenya wananchi wanaweza kumrudisha nyumbani mwakilishi wa wadi. Sisi tunaanzia wapi? Usingizi sipati.

BabaMwantumu: Kenya ni kweli. Katiba yao ya 2010, ibara ya 104, inahusu wabunge, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikawafikia wawakilishi wa wadi, ila miezi 24 ipite kwanza. Kwetu Tanzania hakuna. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba ilikuwa nacho kipengele hicho kwa wabunge, Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likakifyeka. Diwani wa Bongo akifukuzwa na chama, kiti kinakwenda.

Kipara Ngoto: Mnamkumbuka Isaya Mwita, Meya wa Jiji la Dar es Salaam, Januari 2020? Madiwani ndio waliompigia kura ya kumwondoa, siyo wewe na mimi. Mwaka uliofuata halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa. Hilo lisahau, kaanga chipsi zako ndugu yangu.

MamaKachori: Huku Gongo la Mboto mtaro tulizibua wenyewe, Jumamosi, majembe ya kuazima. Tuliokota pampasi humo mpaka tukaoneana haya. Diwani ndiye aliyezitupa?

Afande Mstaafu: Mnyonge, kwani mna ugomvi gani hasa?

Mnyonge wa Bondeni: Hakuna ugomvi. Kikundi chetu cha vijana kiliomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, jina likakatwa. Lakini mtaro ni mtaro!

Afande Mstaafu: Ahaa.

BabaMwantumu: Mkopo una kamati zake, diwani hagawi peke yake. Halafu mbona unasema "tunamng'oa" kama mmeshaanza?

Mnyonge wa Bondeni: Saini zipo. Kila mtu ametoa buku mbili za kuchapisha na za wakili. Fomu niliitoa mtandaoni, ya Kenya, nikabadilisha majina tu. Siwezi kurudi nyuma, watu wananisubiri kijiweni.

Kipara Ngoto: Umewachangisha watu kwa sheria ya Nairobi? 😂😂

MamaKachori: Rudisha hela za watu, baba. Mume wangu alishika hela ya kikoba, mpaka leo tunapita njia ya nyuma.

Mtoto wa Ilala: Jamani tulieni. Huyu mwezi jana alikuwa anauza kiwanja Goba, "mmiliki halali, hati mkononi". Leo mtoto analala mezani? Chai hii.

Mnyonge wa Bondeni: Kiwanja ni cha mjomba, mimi namtafutia mteja tu! Mtu hawezi kuwa dalali na nyumba yake ikaingia maji?

Afande Mstaafu: Weka picha ya mtaro.

Mnyonge wa Bondeni: Simu yangu kamera imekufa.

Kipara Ngoto: Ya kiwanja ilipiga vizuri tu.

Shangazi Tegeta: Samahani nimechelewa. Goba ipi, ya barabarani? Njoo PM na bei.