Jarida la mafundi wa injini: karatasi au simu?

Fundi wa Ndeeba:
Wakubwa, habari za kazi hapa Kampala. Nataka kutoa jarida la wanaojenga injini upya, si la wapenda magari. Picha za magari mapya hazimsaidii mwenye 1HZ, ile injini ya dizeli ya Toyota Land Cruiser, iliyopasuka hedi. Toleo la kwanza liwe 1HZ tupu: kipenyo cha silinda milimita 94, mwendo wa pistoni 100, mpangilio wa kuwaka 1-4-2-6-3-5. Halafu kupima silinda iliyolika. Geji ya kupimia kipenyo ikae juu, pale ringi ya kwanza ya pistoni inapogeukia, kisha katikati, kisha chini. Kila mahali mara mbili, kufuata urefu wa injini na kukata upana wake. Vijana wengi hapa wanapima kwa kidole! Swali: karatasi au simu? Na nani atalipa?

Mchongaji, Katwe:
Karatasi, ssebo. Mikono ikiwa na oili, simu haiguswi. Jedwali la vipimo liwe katikati, tulibandue tulibandike ukutani. Matangazo angalia. Muuza ringi feki akilipia ukurasa wa nyuma, utamwandika vipi?

Spea Kisekka:
Mzee, mbona unanitazama mimi? Nitalipia nafasi ndogo, mradi uweke picha za kutofautisha bearingi halisi na bandia. Na liwe kwa Kiswahili. Wateja wangu wa malori wanatoka Kongo.

Fundi wa Ndeeba:
Jedwali limepita. Shilingi 5,000 kwa nakala ni nyingi?

Mchongaji, Katwe:
Hiyo ni rolex, chapati ya mayai, na chai, na chenji. Weka 3,000 kwanza.