BRT au treni: jiji kubwa lenye hela kidogo lianze na ipi?

mpita_njia

Habarini wakuu. Kuna mada inanisumbua muda mrefu, naomba wenye uelewa wa usafiri wa mijini mnisaidie. Kila likizungumzwa jiji kubwa lenye foleni, upande mmoja watu wanasema jengeni treni, mabasi ni kupoteza muda, upande wa pili wanasema BRT, yaani mabasi ya mwendokasi yenye njia yake peke yake, inabeba sawa na metro, zile treni za mjini, kwa gharama ndogo sana, na mfano ni ule ule siku zote, Bogotá ya Kolombia na Curitiba ya Brazil. Nimesoma soma huku na kule ila naona kila upande unachukua namba inayoupendeza.

Sasa tuseme jiji lina watu milioni tatu nne na linazidi kukua, hela haitoshi kufanya yote mawili, lianze na ipi? Ni kweli BRT inaweza kubeba kama metro au ni maneno tu? Na ukianza na basi unaweza kuja kugeuza njia ile ile iwe ya treni, au ndo umeshajifungia?

Natanguliza shukrani. Naomba hoja tafadhali, ushabiki tuache kwenye mpira.

fundi_njia

Mkuu tuanze na hesabu maana ndo inaondoa ubishi. Basi refu la kuungwa katikati, lile la mita 18, linabeba kama watu 160 wakibanana. Likipita moja kila dakika ni mabasi 60 kwa saa, kwa hiyo unapata abiria 9,600 upande mmoja. Treni ya metro ya mabehewa sita mpaka nane tuseme inabeba 1,200, ikija kila dakika mbili ni 36,000. Kwa hesabu hiyo treni inashinda mbali.

Ila sasa TransMilenio, ile BRT ya Bogotá iliyoanza Desemba 2000 inafika kama 45,000 kwa saa upande mmoja na ni mabasi hayo hayo. Wamewezaje? Angalia vituo vyao. Kwenye shina kuu kuna njia mbili za basi kila upande, basi moja likisimama kupakia lingine la ekspresi, lisilosimama kila kituo, linalipita, na kituo kimoja kina sehemu kadhaa za kusimama kwa hiyo mabasi matatu manne yanapakia kwa wakati mmoja. Ondoa hiyo njia ya kupitana uone, basi moja likichelewa kufunga mlango mstari wote unasimama na unarudi kwenye zile elfu tisa kumi.

Kwa hiyo wanaosema BRT inabeba kama metro hawadanganyi, wanachoacha kusema ni upana. Njia nne za basi, weka na kituo katikati, hiyo ni barabara pana kweli kweli, na majiji mengi barabara yenye abiria wengi ndo hiyo hiyo imebanwa na majengo kushoto kulia. Usipokuwa na upana huo basi usiahidi watu namba za Bogotá. Na Bogotá wenyewe sasa hivi wanajenga metro, mabasi yamewafikia shingoni.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni taa. Taa za makutano zikizunguka kila sekunde 90 maana yake kwa saa kuna mizunguko 40 tu. Ukipeleka basi kila dakika moja, lazima kuna mizunguko yatapita mawili pamoja, na yakishapita mawili pamoja hayaachani tena mpaka mwisho wa safari.

Bi_Stesheni

Nakubaliana na fundi hapo kwenye vituo na nataka kuongezea kwa upande wetu sisi tunaopanda, maana mjadala huu huwa unaendeshwa na watu wa ramani.

Muda unapotea mlangoni. Chukua basi la kawaida, mlango mmoja wa mbele, ngazi tatu, kila mtu analipa akiingia, mama ana mtoto mgongoni na mzigo mkononi anatafuta chenji, nyuma yake kuna mzee anashika bomba apande taratibu, watu 30 wanapanda kwa dakika nzima au zaidi. Chukua sasa kituo ambacho umeshalipa getini, jukwaa liko usawa na sakafu ya basi, milango mitatu minne inafunguka kwa pamoja, watu wale wale 30 wanaingia ndani ya sekunde 15 na mwenye kiti cha magurudumu anaingia mwenyewe bila kubebwa. Curitiba walilielewa hili mapema, njia maalum za basi walianza 1974 wakati wa meya Jaime Lerner ambaye alikuwa msanifu majengo, halafu mwaka 1991 wakaleta vile vituo vya bomba la kioo unalipa kabla ya kupanda. Yaani hawakununua treni, walichukua ile tabia ya treni ya kupakia haraka wakaipa basi.

Na hilo la mabasi kuandamana alilogusia fundi, naomba lieleweke vizuri kwa sababu ndo linalotutesa. Basi likichelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituo kinachofuata, linatumia muda zaidi kuwapakia, linachelewa zaidi, la nyuma yake linakuta kituo kitupu linawahi, mwisho unaona mabasi matatu yamefuatana la kwanza limefurika na la tatu halina watu, halafu robo saa hakuna kitu. Kwenye makaratasi bado imeandikwa basi kila dakika tano! Dawa ipo, kuna mtu chumba cha kuongozea anayeangalia nafasi kati ya basi na basi na kumwambia dereva subiri kidogo kituo hiki. Hiyo kazi inataka watu na redio tu, haitaki mkopo, lakini ndo ya kwanza kusahauliwa.

reli_kwanza

Mimi nitasema upande wa reli na nitajitahidi bila ushabiki kama ulivyoomba.

Shida kubwa ya BRT ni kwamba ni rahisi kuipora. Delhi walifungua barabara ya BRT 2008, wenye magari binafsi wakapiga kelele kwamba wamepunguziwa nafasi, mwaka 2016 ikaanza kubomolewa. Metro ya Delhi hiyo hiyo ilianza 2002 na mpaka leo inaongezwa tu, hakuna anayeweza kuamka asubuhi akaruhusu magari kupita kwenye reli. Njia ya basi ukiitenga kwa rangi tu bila ukingo na bila mtu wa kusimamia, wiki ya kwanza pikipiki, ya pili magari ya wakubwa, ya tatu kila mtu.

Halafu kuna mishahara. Dereva mmoja kwa watu 160 na dereva mmoja kwa watu 1,200 siyo sawa, kujenga reli ni ghali ila abiria wakiwa wengi kweli uendeshaji kwa kila kichwa unashuka. Wanaolinganisha gharama ya kujenga peke yake wanaacha miaka 30 ya kuendesha.

Ila niseme ukweli, reli fupi haisaidii jiji. Jakarta kule Indonesia walianza BRT yao, TransJakarta, 2004 wakafika zaidi ya kilomita 200 za njia za basi, metro yao ilipofunguliwa 2019 ilikuwa kilomita kama 16. Kwa mtu anayekaa pembeni ya jiji zile 200 ndo zinamfikia.

mpita_njia

Daah nimejifunza mengi, asanteni sana. Bado lile la kugeuza, njia ya basi kuja kuwa ya treni, kuna waliofanya?

fundi_njia

Wapo, Ottawa kule Kanada. Transitway yao ilianza 1983, barabara za basi peke yake, ilisifiwa sana. Tatizo likaja katikati ya jiji, huko mabasi yalikuwa yanapita mitaa ya kawaida yenye taa, na kila laini inaingilia hapo hapo, kwa hiyo nje basi linakimbia likifika mjini linapanga foleni nyuma ya mabasi mengine. Septemba 2019 wakafungua treni ya mjini, sehemu kubwa juu ya njia ile ile ya basi na handaki katikati ya jiji. Inawezekana kabisa, ila wakati wa ujenzi mabasi yalitolewa kwenye njia yake yakarudishwa kwenye foleni kwa miaka, na abiria waliumia.

Ukitaka kuja kugeuza lazima uamue siku unachora BRT. Basi linapanda mlima mkali na kukata kona kali, treni haiwezi hivyo, kwa hiyo kona zifanye pana na miinuko midogo kuanzia mwanzo, madaraja yahimili uzito wa treni, na mabomba ya maji na nyaya usizipitishe chini ya njia ya basi, zihamishie pembeni kabisa maana kuzihamisha baadaye ndo kunakula hela na miezi. Urefu wa jukwaa la kituo pia uachie nafasi.

Na kwa swali lako la kwanza, usiangalie abiria wa siku nzima. Tafuta kipande kimoja kilichojaa kuliko vyote, saa iliyojaa kuliko zote, upande mmoja, hesabu vichwa. Kama ni chini ya elfu kumi na hakuna dalili ya kupanda haraka, BRT ya kawaida inatosha. Kati ya elfu kumi na ishirini na tano jenga BRT yenye njia ya kupitana kama barabara inaruhusu, Guangzhou kule China tangu 2010 wanaenda namna hiyo na wanaruhusu mabasi ya mitaani kuingia na kutoka kwenye njia maalum ili mtu asishuke kubadilisha. Zaidi ya hapo, au barabara ikiwa nyembamba, kipande hicho anza kukitafutia hela ya treni leo hata kama pembeni zote zitabaki za basi.

Bi_Stesheni

Na popote treni na basi zinapokutana tiketi iwe moja, na kutoka jukwaa moja kwenda lingine pawe na paa na pasiwe na kuvuka barabara. Nimeona michoro ambayo kituo cha basi na cha treni vina jina moja na kati yake kuna barabara kuu ya njia sita. Mkipewa nafasi ya kutoa maoni kwenye mradi wowote, ulizeni hilo kabla ya rangi ya mabasi.