Joto la oili kwenye pikipiki: geji ya kifuniko, sensa ya bolti au bunduki?

Mzigo_Kasulu: Wakuu habari za majukumu. Nina Mchina wa 150 (pikipiki ya Kichina ya cc 150), injini ya CG, napeleka dagaa Kasulu kutoka Kigoma mjini, vile vilima mnavijua. Nataka nijue oili inafika ngapi nikipanda na mzigo. Nichukue geji ya kufunga pale kwenye kifuniko cha oili, sensa ya bolti ya kumwagia oili yenye skrini ya kusomea pale kwenye usukani, au ile bunduki ya kupimia joto?

Fundi_Gungu: Bunduki waachie mafundi mkuu, inasoma ngozi ya injini sio oili, halafu aluminiamu inayong'aa inaidanganya inatoa namba ndogo, mpaka ubandike solateipu nyeusi ndo inasema kweli.

Dada_Urambo: Mi nina ya kifuniko. Haina waya, haigusi betri. Shida iko chini karibu na mguu, mpaka usimame uiname. Ila kaka ukienda dukani beba kifuniko chako ufananishe nyuzi za kufungia na urefu wa kijiti cha geji, kikizidi kinaenda kugusa vinavyozunguka humo ndani na hapo injini imekufa, kikipungua hakifiki kwenye oili kinakusomea hewa tu.

Sikonge_Vumbi: Kwa mtu wa milima sensa ya bolti haina mpinzani, unaona 95, 105, 115 za Selsiasi huku unaendesha. Ila inakaa tumboni, jiwe moja tu waya kwisha, au oili yote chini. Bila bamba la chuma la kuikinga usifunge.

Fundi_Gungu: Na weka washa (ile pete ya kuziba) mpya ya shaba, na usikaze kwa nguvu zote maana nyuzi za aluminiamu zinang'oka kirahisi sana. Umeme chukua baada ya swichi, la sivyo inanyonya betri usiku kucha.

Mzigo_Kasulu: Namba ya kuogopa ni ipi?

Fundi_Gungu: 80 mpaka 110 endesha. Ikikaa juu ya 120 simama ipoe, Mchina ana oili kama lita moja tu na anapozwa na upepo, sasa mlimani unatambaa upepo unatoka wapi? Ukifika 130 oili inachakaa haraka mno. Na safisha tope kwenye mapezi ya silinda (yale mabati ya kupoza injini) kabla hujanunua chochote, nawaambia kila siku!

Sikonge_Vumbi: Kuna na ile sensa ya pete inayokaa chini ya plagi, hiyo inapima joto la hedi (kichwa cha silinda) sio oili, usiilinganishe na namba hizo.

Mzigo_Kasulu: Naanza na ya kifuniko, hadi nipate bamba. Dada uliipata Tabora mjini?

Dada_Urambo: Hapana, niliagiza Dar ikaja na basi. Nipe kipimo cha nyuzi za kifuniko chako nikuulizie.